Diski, Kumbukumbu na Umri wa Kompyuta Mpakato: Historia ya Uboreshaji Kuanzia 1988 Hadi 2025

1. Swali la Insha

Maandishi mengi kuhusu historia ya kompyuta yameelekea kuupima uzee wa mashine kwa prosesa yake. Mwelekeo huo una chimbuko lake. Makala ya Gordon Moore ya mwaka 1965, yaliyoeleza jinsi idadi ya transista katika chipu moja inavyoongezeka, yaliwapa waandishi mstari ulionyooka wa kuufuata, na mstari wa namna hiyo huvutia. Hata hivyo, mtu aliyemiliki kompyuta mpakato kati ya mwaka 2003 na 2012, akaiona ikichukua dakika kadhaa kuwaka na kuganda kila alipofungua programu ya pili, kwa kawaida hakuwa akisumbuliwa na prosesa. Kwa sehemu kubwa ya muda huo prosesa haikuwa na kazi, ilikuwa ikisubiri. Insha hii inachunguza kitu kilichokuwa kikisubiriwa, namna wamiliki walivyopata uwezo wa kuondoa usubirifu huo kwa kutumia bisibisi na vipuri viwili, na namna uwezo huo ulivyoanza kuwatoka mikononi.

Hoja inayotetewa ni kwamba uwezo wa kubadilisha diski na kuongeza kumbukumbu haukubuniwa kwa ajili ya mmiliki. Ulitokana na viwango sanifu ambavyo watengenezaji walikubaliana kwa manufaa yao wenyewe, na mmiliki akanufaika kama mpita njia anayepata kivuli cha mti uliopandwa na mwingine. Clayton Christensen, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu kampuni zinazopinduliwa na teknolojia mpya, aliifanya historia ya diski kuwa mfano wake mkuu, lakini alizitazama diski kwa jicho la kampuni zinazoziuza. Hapa zinatazamwa kutoka upande wa pili, yaani upande wa mtu aliyebaki na mashine baada ya dhamana kwisha.

Jambo moja la istilahi lielezwe mapema. Katika mazungumzo ya madukani, neno memori hutumiwa kwa mahali faili zinapohifadhiwa na pia kwa mahali programu zinapofanyia kazi. Mteja anayeomba aongezewe memori hulazimika kuulizwa ni ipi. Katika insha hii, diski ni mahali pa kuhifadhi, ambapo data hubaki hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu, au RAM, ni mahali pa kazi, ambapo data hupotea umeme ukikatika. Mkanganyiko huo haupaswi kudharauliwa kama ujinga wa mnunuzi, kwa sababu, kama itakavyoonekana, wahandisi wenyewe waliutengeneza kwa makusudi.

2. Usubirifu wa Prosesa

Diski ya kwanza ya kibiashara ilitangazwa na IBM mnamo Septemba 1956 ikiwa sehemu ya mashine iliyoitwa 305 RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, ilihifadhi herufi milioni 5, na ilichukua takriban milisekunde 600 kuifikia data iliyotakiwa. Kanuni yake haikubadilika kwa zaidi ya nusu karne: sahani yenye utando wa sumaku inazunguka, na mkono wenye kichwa cha kusomea unasogea hadi kwenye mkondo unaohitajika, kisha unangoja data ipite chini yake.

Tuchukue sasa diski iliyokuwa ya kawaida katika kompyuta mpakato za miaka ya 2000, yenye kasi ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11.1, hivyo kwa wastani kichwa hungoja nusu yake, yaani milisekunde 5.6. Ongeza takriban milisekunde 12 za kuusogeza mkono. Jumla ni kama milisekunde 17 au 18 kwa kila kipande cha data kilichopo mahali pasipofuatana na kile kilichotangulia, sawa na maombi yasiyofika 60 kwa sekunde. Ikiwa kila ombi linaleta kilobaiti 4, diski hiyo inatoa data isiyozidi kilobaiti 240 kwa sekunde, ingawa diski hiyohiyo, ikisoma faili moja kubwa kwa mfululizo, iliweza kutoa makumi ya megabaiti katika muda huo. Tangazo la dukani lilitaja namba ya pili. Maisha ya mtumiaji yalitawaliwa na ya kwanza, kwa sababu kuwasha mfumo endeshi ni kusoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika.

Kutoka milisekunde 600 hadi 17 ni maendeleo ya mara 35 katika miaka 50. Katika kipindi hichohicho prosesa ziliongezeka kasi kwa maelfu mengi ya mara. Prosesa ya gigahezi 2 hupitisha mapigo milioni 34 wakati diski inatafuta kipande kimoja tu. Pengo hilo ndilo lililoitwa uzee.

Kumbukumbu inaingia katika historia hii kwa mlango mwingine. Mwaka 1962, mashine ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyobuniwa na kundi lililoongozwa na Tom Kilburn, ilianza kutumika ikiwa na mbinu ya kuifanya kumbukumbu ya haraka iliyokuwa ndogo, pamoja na ngoma ya sumaku iliyokuwa kubwa lakini ya polepole, vionekane kwa programu kama kitu kimoja. Data iliyohitajika ililetwa kwenye kumbukumbu ya haraka kwa mafungu yaliyoitwa kurasa, na kurasa zisizotumika zikarudishwa kwenye ngoma. Mwandishi wa programu hakuhitaji tena kujua data yake ilikuwa wapi. Huo ndio ufundi uliofuta mpaka kati ya memori na memori, na mifumo endeshi ya kompyuta mpakato iliurithi.

Gharama ya urithi huo ilielezwa na Peter Denning mwaka 1968. Alionyesha kwamba kila programu ina kundi la kurasa inazozihitaji kwa wakati fulani. Makundi ya programu zote yakienea katika kumbukumbu, kazi huendelea vizuri. Yakizidi hata kwa kiasi kidogo, mashine huporomoka ghafla na kutumia muda wake mwingi kuhamisha kurasa badala ya kuzifanyia kazi. Neno la msingi hapo ni ghafla. Denning aliandika kuhusu mashine kubwa zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja, lakini maelezo yake yanalingana kabisa na hali ya mwanafunzi wa mwaka 2007 mwenye megabaiti 512 za RAM, anayefungua kivinjari juu ya programu ya kuandikia na kusikia diski ikianza kukwaruza mfululizo. Pia yanaeleza jambo ambalo wauzaji wa vipuri hawapendi kulisema: kuongeza RAM huleta nafuu kubwa pale tu inapovuka kiwango hicho. Kutoka gigabaiti 2 kwenda 4, mashine ile ilifufuka. Kutoka 8 kwenda 16, mtumiaji yuleyule huenda asione tofauti yoyote.

3. Viwango Vilivyokubaliwa kwa Sababu Nyingine

Diski ya inchi 2.5, ambayo ukubwa wake ndio uliokuja kuruhusu mabadilishano yote yanayojadiliwa hapa, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988 na kampuni changa ya PrairieTek ya Longmont, Colorado, ikiwa na megabaiti 20. Mwanzoni ukubwa wa sahani pekee ndio uliofanana. Kila kampuni iliweka matundu ya skrubu na viunganishi ilipopenda, na mtengenezaji wa kompyuta mpakato aliyesanifu mashine yake kwa kufuata diski ya kampuni moja alijikuta amefungwa kwa kampuni hiyo. Kamati ya SFF iliundwa mwaka 1990 kwa ajili ya kutatua tatizo hilo: vipimo vya nje, mahali pa skrubu na mahali pa kiunganishi viwe vilevile kwa wote. Waliolalamika walikuwa watengenezaji waliotaka kununua diski kwa yeyote mwenye bei nzuri. Mmiliki hakuwa na kiti katika kamati hiyo. Lakini diski inayoweza kubadilishwa kiwandani kati ya kampuni moja na nyingine inaweza pia kubadilishwa mezani miaka sita baadaye, na hilo halikuhitaji kuamuliwa na mtu.

Upande wa kumbukumbu, kazi kama hiyo ilifanywa na JEDEC, chombo cha sekta ya chipu kilichoanzishwa mwaka 1958. Chipu za RAM zenyewe zilitokana na wazo la Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza mwaka 1968 kwa seli yenye transista moja na kapasita moja, muundo ambao unatumika hadi leo. Katika kompyuta mpakato, chipu hizo ziliwekwa kwenye kibao kidogo kinachochomekwa kwa pembe na kubanwa na vishikio viwili vya pembeni. Vibao hivyo vilipita vizazi kadhaa: pini 144, kisha 200, 204 kwa DDR3, 260 kwa DDR4 na 262 kwa DDR5. Mahali pa mfuo, yaani pengo dogo lililokatwa kwenye ukingo, paliwekwa tofauti ili kibao cha kizazi kimoja kisiingie katika nafasi ya kizazi kingine. Kinga hiyo ilimsaidia fundi asiye na mafunzo kuliko mwongozo wowote: kibao kisichoingia ni kibao kisicho chake.

Kiunganishi cha SATA kilikamilisha picha. Vizazi vyake vitatu, vya gigabiti 1.5, 3 na 6 kwa sekunde, vinaelewana, hivyo diski mpya inakubali kufanya kazi kwenye mashine ya zamani kwa kasi ya mashine hiyo. Kompyuta mpakato zilizotengenezwa kabla ya kiunganishi hicho kuenea zilibaki nyuma ya mpaka. Kuanzia hapo, umri wa mashine ulianza kutegemea zaidi upande wa mpaka ilioangukia kuliko mwaka iliotengenezwa.

Mahitaji ya mifumo endeshi hayakusimama kungoja. Windows XP ya mwaka 2001 iliomba angalau megabaiti 64 za RAM. Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, iliomba 512, na gigabaiti 1 kwa aliyetaka sura yake kamili. Kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na kibandiko cha kuthibitisha kwamba zinaiweza Vista, ilhali ziliweza toleo lake la chini tu; kesi kuhusu kibandiko hicho ilifunguliwa Marekani mwaka huohuo. Ni rahisi kusoma tukio hilo kama kosa la uuzaji. Katika historia hii lina maana nyingine: liliwafundisha wanunuzi wengi wa kawaida kwa mara ya kwanza kwamba kiasi cha RAM ni namba inayoweza kuwa ndogo mno siku ileile ya kununua, na kwamba inaweza kuongezwa.

4. Flashi

Fujio Masuoka wa Toshiba aliwasilisha kumbukumbu ya flashi mwaka 1984, na aina yake ya NAND, iliyo ya bei nafuu na yenye msongamano mkubwa, mwaka 1987. Diski ya chipu si jambo jipya kama inavyodhaniwa. Mwaka 1991 kampuni iliyokuja kuitwa SanDisk iliiuzia IBM diski ya flashi ya megabaiti 20 kwa takriban dola 1,000. Kwa miaka 15 iliyofuata teknolojia hiyo ilibaki katika majeshi, viwanda na kamera.

Mwaka 2008 ndio mwaka wa mabadiliko, na mashine mbili za mwaka huo zinaonyesha njia mbili zilizokuwa wazi. Mnamo Januari, Apple ilionyesha MacBook Air, iliyoweza kununuliwa ikiwa na diski ya flashi ya gigabaiti 64 kwa nyongeza ya dola 999. Kumbukumbu yake ya gigabaiti 2 ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi kuu. Mnamo Septemba, Intel ilitoa X25-M ya gigabaiti 80, yenye umbo la inchi 2.5 na kiunganishi cha SATA, kwa dola 595. Ya kwanza ilikuza kasi kwa kuifunga mashine. Ya pili ilikuza kasi kwa kuingia katika mashine yoyote iliyokuwapo tayari, kwa kufuata vipimo ambavyo watu wa mwaka 1990 walivikubali wakiwa na diski zinazozunguka akilini.

Intel ilieleza kwamba X25-M hufikia data kwa mikrosekunde 85. Linganisha na milisekunde 17 za diski ya sumaku: ni mara 200. Hakuna badiliko jingine la sehemu moja, katika historia yote ya kompyuta za binafsi, lililoleta uwiano wa namna hiyo kwa mmiliki mwenye bisibisi. Diski za flashi za bei nafuu za wakati huo hazikuwa na ubora huo. Baadhi ziliganda zilipoandikiwa vipande vidogo vingi, kwa sababu flashi haiwezi kuandikwa upya bila kwanza kufutwa kwa bloku nzima, na vidhibiti vya mwanzo vilishindwa kuificha kasoro hiyo. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, ilikuja na amri ya TRIM, ambayo humwarifu kidhibiti ni bloku zipi hazina kazi tena ili azifute mapema.

Bei ilishuka haraka. X25-M iligharimu zaidi ya dola 7 kwa gigabaiti. Kufikia mwaka 2012 diski nyingi zilipatikana kwa dola 1 au chini yake. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 nayo yalichangia kwa namna isiyotarajiwa: yalifunika viwanda vya Western Digital, yakapandisha bei ya diski za sumaku kote duniani, na kwa miezi kadhaa tofauti ya bei iliyokuwa ikiwazuia wanunuzi ikapungua kutoka pande zote mbili.

Athari yake ilifika pia katika biashara ya mashine zilizotumika. Kompyuta zinazoondolewa kwenye ofisi za Ulaya na Marekani huuzwa tena Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Nairobi zinajulikana kwa jina la ex-UK. Katika biashara hiyo, kuweka SSD na kuongeza kibao cha RAM ni sehemu ya kuiandaa mashine kabla ya kuiuza, na mara nyingi ndicho kinachotenganisha bei ya mashine mbili za mwaka mmoja. Uchumi huo mzima umesimama juu ya matundu ya skrubu ya mwaka 1990.

5. Juni 2012

Mwanahistoria hupata mara chache nafasi ya kulinganisha vitu viwili vinavyotofautiana kwa jambo moja. Apple iliitoa nafasi hiyo tarehe 11 Juni 2012 ilipotangaza, katika hafla moja, MacBook Pro ya kawaida na MacBook Pro yenye skrini ya Retina. Zote zilitumia prosesa za familia moja ya Intel. Ile ya kawaida ya inchi 13 ilikuwa na kifuniko cha chini kilichoshikwa na skrubu kumi. Ndani yake mlikuwa na nafasi mbili za RAM na diski ya inchi 2.5 ya SATA. Ile ya Retina ilikuwa na RAM iliyolehemiwa, diski ya flashi yenye kiunganishi cha pekee, na betri iliyogandishwa kwa gundi. Tovuti ya iFixit, inayopima urahisi wa kutengeneza vifaa, iliipa alama 1 kati ya 10.

Siku ya kuuzwa, ile ya Retina ilikuwa na kasi zaidi, na jambo hili lisifichwe. Ile ya kawaida ilitoka kiwandani ikiwa na gigabaiti 4 na diski ya mizunguko 5,400. Lakini kasi ya siku ya kwanza ndiyo iliyokuwa kasi ya siku zote kwa mashine ya Retina upande wa kumbukumbu, wakati ile nyingine iliweza kupandishwa hadi gigabaiti 16, mara mbili ya kiwango ambacho mtengenezaji alikitaja, na kupewa SSD ya chaguo la mmiliki. Iliendelea kuuzwa hadi Oktoba 2016. Kwa bidhaa ambayo sekta ilikwisha kuitangaza kuwa ya kale, miaka minne dukani ni ushahidi mzito kuhusu walichokitaka wanunuzi.

Sababu za kulehemu hazikuwa za hila tupu. Kumbukumbu za matumizi madogo ya umeme, zinazoitwa LPDDR, hufanya kazi kwa volti ndogo na zinahitaji njia fupi sana kati ya chipu na prosesa. Kibao cha kuchomeka hurefusha njia hizo na kuharibu ishara. Chipu ya M1 ya mwaka 2020 ilisogeza RAM hadi kwenye kifurushi kilekile cha prosesa, na faida ya kasi na betri ilikuwa ya kweli. Kinachostahili kuhojiwa ni bei. Mmiliki asiyeweza kuongeza RAM baadaye analazimika kuinunua yote mwanzoni, kwa muuzaji mmoja, kwa bei anayoipanga muuzaji huyo. Hapo ndipo hoja ya kihandisi na hoja ya kibiashara zinapoacha kutenganika, na mtafiti anayezitenganisha kwa urahisi anapaswa kutiliwa shaka, awe anatetea upande wowote.

6. Kufunga na Kufungua Tena

Ufaransa ilianza kutumia faharasa ya urahisi wa kutengeneza tarehe 1 Januari 2021, ikiwataka wauzaji waonyeshe alama ya kila kompyuta mpakato kando ya bei yake. Mwaka huohuo kampuni ya Framework ilianza kuuza mashine iliyosanifiwa ifunguliwe na mmiliki. Mnamo Desemba 2023 JEDEC ilichapisha kiwango cha CAMM2, ambacho chimbuko lake lilikuwa usanifu wa Dell, na kinachoruhusu hata LPDDR kukaa kwenye kibao kinachofungwa kwa skrubu, kikiwa kimelala juu ya bodi ili njia zibaki fupi. ThinkPad P1 ya mwaka 2024 ilitumia kibao cha aina hiyo. Kwa hiyo dai kwamba fizikia ilikataza kibao cha kuchomoka lilidumu kwa takriban miaka 15, likajibiwa na chombo kilekile kilichosanifu vibao vya kwanza.

Wakati huohuo kizuizi kilihamia mahali ambapo bisibisi haifiki. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inaomba gigabaiti 4 za RAM na gigabaiti 64 za hifadhi, viwango ambavyo kompyuta mpakato ya mwaka 2011 iliyoboreshwa inavivuka kwa mbali. Lakini inaomba pia chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa jumla, prosesa za Intel za kizazi cha 8, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2017. Msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye SSD na gigabaiti 16, inayowaka kwa sekunde chache, ilianza siku iliyofuata bila masasisho ya bure ya usalama isipokuwa mmiliki wake awe amejiandikisha katika mpango wa muda wa nyongeza au amehamia mfumo mwingine kama Linux. Kwa mara ya kwanza katika kipindi kinachochunguzwa hapa, kompyuta mpakato zilikuwa zikitangazwa kuwa zimezeeka huku zikiwa bado na kasi.